Macho ya Mtumiaji

Kuna msomaji amemwandikia mhariri kwamba mimi ni mwongo, eti haiwezekani mtu mmoja apate mikosi yote hii peke yake. Ndugu yangu, niwie radhi. Leo nakuongezea mwingine.

Kwa mliochelewa kuungana nasi, mimi ni fundi wa kompyuta kuukuu. Mtaani wananiita Fundi Chakavu. Kazi yangu ya mwisho ya ofisini iliisha pale mlinzi aliponikamata getini na kibodi mbili ndani ya shati, kibodi ambazo wao wenyewe walikuwa wamezitupa. Tangu hapo nimejibanza kwenye duka la dada yangu mkubwa, mshonaji. Yeye na cherehani yake wako upande wa mlangoni, mimi na mizoga yangu upande wa ukutani.

Na mnakumbuka kwamba nimependa. Nimempenda nesi wa zahanati ya mtaani kwetu, naye, sijui aliona nini, akanipenda. Shida ni baba yake. Mzee ni mpiga chapa mstaafu, ndiye mwenyekiti wa kamati ya zahanati, na duniani hakuna anachokichukia kama kompyuta. Baada ya kompyuta nafuata mimi.

Wiki iliyopita niliwaacha pale aliponisimamisha mbele ya kamati nzima.

"Kijana, binti yangu anasema una mashine sita za kuita wagonjwa."

"Ndiyo, Mzee. Sita."

"Umezitoa wapi?"

"Jalalani, Mzee."

Kamati ikacheka. Yeye hakucheka.

"Kitu kikitupwa kina sababu ya kutupwa."

"Mzee, samahani, mashine haifi. Watu ndio wanaichoka. Ukiipangusa vumbi, ukaibadilishia diski, ukaiondolea takataka zilizojazwa ndani, inaamka. Nyingine inaamka na hasira ya kazi kuliko mpya."

Akatoa hukumu.

"Haya. Zifungwe Jumatano. Mimi mwenyewe nitakuwepo. Ikifika saa sita mchana na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepotea, Jumamosi uje na watu wako tuzungumze. Akipotea mmoja, mashine zinarudi jalalani, na wewe uzifuate."

Mnaelewa maana ya "watu wako tuzungumze". Dada alielewa vizuri zaidi, maana jioni ile ile alikata kitambaa cha nguo yake ya Jumamosi.

* * *

Sasa niwaeleze mpango ulivyokuwa, kwa sababu hapo ndipo nilipojichimbia.

Wagonjwa wetu wengi ni wazee. Maandishi madogo yanawashinda, na kwenye korido kuna kelele hata ukiitwa kwa jina husikii. Nesi ndiye aliyepata wazo. Milango ya zahanati kila mmoja una rangi yake. Basi namba yako ikifika, skrini nzima iwake rangi ya mlango unaotakiwa kuingia. Nyekundu ni sindano. Kijani ni dawa. Njano ni macho.

Ipo milango mingine mitatu ambayo haikuwa kwenye mpango. Waridi ni kliniki ya wajawazito. Samawati ni choo. Nyeupe ni ofisi ya mwenyekiti. Ishikeni hiyo mitatu vichwani, tutaihitaji.

Nesi akaniletea vipande vitatu vya mbao alivyoachiwa na mpaka rangi, kimoja cha kila mlango. "Ziwe hizi hizi," akasema. "Zisiwe zinazofanana na hizi. Hizi hizi."

"Niachie mimi. Kwa rangi, mimi ni balaa."

Nina msimamo wangu kuhusu rangi, jamani. Nimefungua mashine za maofisi mengi, na kila programu niliyoikuta ndani ni kijivu. Vitufe kijivu, fremu kijivu, hata pale pa kubofya "ndiyo" na "hapana" ni kijivu kimoja, halafu wanashangaa watu wanabofya ovyo. Rangi ndiyo inayomshika mtu mkono. Hilo nilimwambia Nesi, nikamwambia na Dada, nikamwambia na mteja wa Dada aliyekuja kupunguziwa suruali.

Skrini za kuunga na mashine hizo zahanati walikuwa nazo tayari, ziko stoo kwao, zimefunikwa magunia. Kwangu nilikuwa na skrini moja tu, niliyoiokota mimi mwenyewe jalalani: nene, nzito, mgongo umepasuka, nikaufunga usiku huo huo gizani kwa utepe mweusi wa gundi. Naiita Bikizee. Naipenda, siwafichi. Kila kitu kwenye Bikizee kilionekana cha njano kidogo, na mimi nikajua ni uzee tu. Hata shati jeupe likizeeka si linageuka njano?

Nikaegemeza kibao cha njano pembeni ya Bikizee nikaanza kazi.

Kuchanganya rangi kwenye programu yangu ni kazi ya vidude vitatu vya kuvuta kwa kipanya: kimoja cha nyekundu, kimoja cha kijani, kimoja cha buluu. Vyote vikiwa juu unapata nyeupe. Nikaviweka juu vyote vitatu ili nianzie hapo.

Loo! Skrini ikawaka njano. Njano ile ile ya kibao, hata tone halikuzidi.

"Dada! Njano imejipata yenyewe!"

"Mm," akasema Dada, pini zimejaa mdomoni.

Nikavuta kidude cha kijani chini, ikaja nyekundu ya moto, sawasawa na kibao. Nikakirudisha, nikavuta cha nyekundu chini, ikaja kijani safi. Kazi ya siku mbili nimeimaliza kabla chai haijapoa.

Na hapa ndipo kwenye ungamo la kwanza. Kile kidude cha tatu, cha buluu, nilikigusa. Nikakishusha, hakuna kilichobadilika. Nikakipandisha, hakuna. Nikakichezesha juu chini, Bikizee wala haikushtuka.

Nikasema kimoyomoyo: hiki kibovu, na mimi sikihitaji, hakuna mlango wa buluu kwenye orodha yangu. Nikakiacha juu kule kule nilikokikuta.

Dada alikuwa amesimama mlangoni ameinua kitambaa juani, analinganisha uzi. Hajawahi kuchagua uzi ndani ya duka hata siku moja. Lazima atoke nje.

"Mdogo wangu, rangi haichaguliwi gizani. Itoe nje uitazame."

"Skrini hii, Dada, si kipande cha kitambaa. Ina waya."

"Basi itazame kwenye skrini nyingine."

"Ya nini, na hii ipo?"

Akanitazama vile anavyomtazama mteja anayesema kiuno chake hakijaongezeka. "Haya. Mimi nimesema."

Mashine zote sita nilizijaza na kuzipima kwa Bikizee. Jumanne mchana nikazipeleka zahanati kwa mkokoteni. Umeme ulikuwa umekatika. Nikaunga nyaya zote, nikafuta vumbi skrini zao, nikaziambia tukutane asubuhi.

* * *

Jumatano saa mbili na nusu umeme upo, korido imejaa. Mzee mwenyekiti kaingia ofisini kwake akaacha mlango wazi ili asikie. Nesi kakaa mapokezini na mashine yake. Mimi nimesimama nje getini, nimevaa shati la Dada alilonishonea. Nilijiambia fundi hodari hasimami juu ya kazi yake. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Nesi akabonyeza namba ya kwanza. Kwenye skrini yake yeye zilikuwa namba tupu. Rangi zilikuwa za skrini tano za koridoni, na hizo kutoka alipokaa alikuwa anaziona migongo.

Nusu saa ikapita, kimya. Nikaanza kupanga maneno ya Jumamosi.

Halafu nikasikia kicheko. Si cha mtu mmoja. Cha wanawake kumi na zaidi kwa mpigo.

Nikaingia mbio. Kliniki ya wajawazito mlango uko wazi, na katikati ya benchi, baina ya matumbo mawili makubwa, amekaa mzee mmoja mwenye kofia, fimbo magotini, mkono wa shati keshaukunja tayari kwa sindano.

"Babu," mmoja akamuuliza huku anafuta machozi, "una miezi mingapi?"

"Sindano ni kila miezi mitatu," akajibu Babu kwa heshima zote.

Wanawake wakaangukiana mabegani.

Nikageuka kuitazama skrini ya koridoni. Ilikuwa waridi. Waridi ya kukolea, ya kupiga kelele, kama ya vazi la bibi harusi asiye na mshauri. Mama yangu wee!

Skrini ikabadilika. Samawati. Nikatazama kule kulikopakwa samawati, na kulikuwa na foleni ya watu tisa, kila mtu na karatasi yake ya dawa, wamesimama kwa utaratibu mzuri mbele ya choo.

"Kwani siku hizi dawa wanatolea humu?" mwanamke mmoja akauliza.

"Wanabana matumizi," akajibu wa mbele yake.

Ndani ya choo sauti ikalia: "Jamani, acheni kugonga! Sina dawa mimi!"

Skrini ikawa nyeupe. Hapo nikakimbia, kwa kuwa nilijua mlango mweupe ni wa nani.

Mzee mwenyekiti alikuwa nyuma ya meza yake amezungukwa na wagonjwa wanne wa macho. Wawili wamekaa wamefumba jicho moja, wanasoma kalenda iliyo ukutani kwa sauti. Wa tatu anamwelezea anavyoona ukungu. Wa nne alikuwa anatoka, na usoni amevaa miwani.

"Hii nzuri sana, daktari," akasema. "Naona mpaka kule. Mungu akubariki." Akaenda zake.

"Miwani yangu!" Mzee akafoka. Lakini bila miwani hakujua hata ameelekea wapi.

Nesi akaja mbio. Akatazama skrini, akatazama foleni ya choo, akanitazama mimi. Kwa macho yake nilijua kaelewa kila kitu.

"Nani aliyechagua rangi hizi?" Mzee akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Ni mimi, Baba," akasema Nesi.

Msomaji wangu, nimefanya ujinga mwingi maishani, mwingine mmeusoma hapa hapa. Lakini kumwacha yule binti wa watu abebe mzigo wangu mbele ya baba yake, hilo lilinishinda.

"Si kweli, Mzee. Ni mimi. Nilizilinganisha na vibao, moja moja, zikawa zile zile kabisa. Sijui kimetokea nini."

"Zile zile?" Akasimama, akaisogelea skrini ya mlangoni mpaka pua ikaigusa. Akaiacha ibadilike mara tatu. Waridi. Samawati. Nyeupe. Akawa anahesabu kitu kwa vidole, kama watu wa wino wanavyohesabu.

"Toa buluu kwenye waridi hii," akasema polepole, "inabaki nyekundu. Toa buluu kwenye samawati, inabaki kijani. Toa buluu kwenye nyeupe..." Akanigeukia. "Kijana. Ulichagua kwa skrini gani?"

"Ninayo dukani, Mzee."

"Ilete."

* * *

Nikaibeba Bikizee kifuani mtaa mzima. Dada akafunga duka akanifuata, pini bado ziko kwenye kola. Hakusema "nilikwambia". Alikuwa analihifadhi.

Tukaiweka juu ya meza ya Mzee, nikaiunga, nikafungua ukurasa mweupe. Ukawaka njano.

Mzee akaketi. Akaitazama ile njano, kashika meza kwa mikono miwili. Nesi akadhani ni shinikizo la damu, akamshika mkono.

"Baba?"

"Niacheni." Akapapasa waya wa Bikizee mpaka mwisho, akauchomoa, akapitisha ukucha kwenye vijino vya chuma vya kichwa cha waya. Akarudia. "Kimoja kimevunjika. Kijino kimoja tu. Buluu haipiti."

Nikatazama. Kweli. Kidude cha tatu hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinafanya kazi saa zote, isipokuwa Bikizee haikuwa na pa kukipokelea.

"Miaka kumi na moja," akasema Mzee, "nilikuwa mkuu wa rangi kwenye kiwanda cha kupiga chapa. Hakuna karatasi iliyotoka bila mimi kuitazama. Wakatuletea skrini. Nikawaambia hii ya kwangu ina njano. Wakaipeleka kwa mafundi, nami nikasomewa tu majibu: ni nzima, tatizo ni macho ya mtumiaji."

Hata wale wawili waliofumba jicho wakafumbua.

"Wakanistaafisha kabla ya wakati. Kwa macho mabovu. Nikarudi nyumbani, mama yao alikuwa hai, nikamwambia nimechoka kazi. Sikumwambia sababu. Kila nilipotazama kitu cha njano nilijiuliza, hivi kweli ni njano?"

Nesi alikuwa analia wazi wazi. Na mimi, sioni haya kusema, nililia vilevile.

"Baba, lakini skrini zilikuwa nyingi. Utajuaje ni hii?"

"Niligonga dole gumba la wino mgongoni mwake ili wasinibadilishie." Akaigeuza Bikizee, akaanza kubandua utepe wangu mweusi, taratibu, kwa kucha za mtu aliyezoea karatasi.

Dole gumba lilikuwepo. La buluu.

Mzee akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Akainuka, akanikumbatia, mimi, Fundi Chakavu, mbele za watu.

"Kumbe nilikuwa naona! Kijana, ungeitupa skrini hii kama kila mtu, ningezikwa nikiamini mimi ni kipofu. Mashine zibaki. Rangi utazirekebisha leo leo, na mimi nitakaa pembeni yako. Na Jumamosi uje na watu wako."

Dada akapiga vigelegele. Nesi akaufunika uso kwa mikono yote miwili. Mimi nikawa naangalia tu, sijui nicheke na nani.

"Ila kwanza," akasema Mzee, "hapa chini ya dole kuna kibandiko. Cha wale mafundi. Yule aliyeandika lazima alitia jina. Miaka yote hii namtafuta huyo mtu."

"Ukimpata utamfanya nini, Baba?" Nesi akauliza huku anatabasamu.

"Nitamuuliza kitu kimoja. Kama hata aliiunga kwenye kompyuta." Akapapasa kifuani, akakumbuka miwani yake iko mtaani inatembea. "Nisomee, mwanangu."

Mwanangu. Ndivyo alivyoniita.

Nikainama. Kibandiko kilikuwa kimefifia lakini kinasomeka. *Skrini nzima. Tatizo ni macho ya mtumiaji.* Na mwandiko ule, herufi zinalalia kushoto, mkia wa mwisho umevutwa mpaka ukingoni, niliujua kabla sijafika kwenye jina.

Ndilo ungamo la pili, na hili sikuwahi kumwambia mtu. Kabla ya ofisi iliyonifukuza nilikuwa mwanafunzi kwenye karakana. Mwezi wangu wa kwanza walinirundikia skrini arobaini nizipime kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nachomeka umeme tu. Taa ikiwaka, naandika nzima. Kwenye moja kulikuwa na malalamiko ya rangi, na mimi, ili wenzangu wacheke, nikaandika lile la macho. Wakacheka kweli. Tukaenda kula.

"Mbona husomi?" Mzee akauliza. "Kimefutika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuwa na miwani. Dada alikuwa mbali. Jumamosi ilikuwa siku tatu mbele, na nguo ilikuwa imebaki kupindwa tu.

Nikahisi mtu begani kwangu. Nesi alikuwa ameinama nyuma yangu kusoma. Ana barua zangu kumi na nne kwenye droo yake, zote kwa mwandiko huo huo.

Tabasamu lake likaondoka. Akasimama wima, akaenda kusimama upande wa baba yake, akaweka mkono juu ya kiti chake.

"Msomee Baba," akasema.